Aulizwe Mwenyewe

Vidole vya Mwamini vilikataliwa kimoja baada ya kingine, vyote kumi. Wakala alikipangusa kidole gumba kwa kitambaa, akakibonyeza kwenye kimashine cheusi, kikalia tii na kuwasha taa nyekundu. Akachukua cha shahada. Tii. Akachukua cha kati. Nyuma yao foleni ilianza kuguna, maana jua la Nachingwea saa tano halina adabu, na mwavuli wa wakala ulimfunika wakala peke yake.

"Mama, samahani, unafanya kazi gani?" aliuliza wakala. Jina lake Dastani, kijana mwenye miwani ya jua aliyoipandisha kichwani.

"Nabangua korosho. Tupo kikundi, kule Ruponda."

"Ndiyo maana. Yale mafuta ya ganda yamekula ngozi yote. Mashine inatafuta mistari, haioni mstari hata wa dawa."

"Lakini kitambulisho cha taifa ninacho. Alama zangu walizichukua hawahawa wa serikali."

"Mwaka gani?"

Mwamini alikumbuka vizuri. Ni mwaka ule ugonjwa wa ubwiri unga ulipoteketeza maua ya mikorosho, kijiji kizima hakikupata korosho za kubangua, na vidole vikapata nafasi ya kuota ngozi mpya. Kumbe njaa ile nayo ilikuwa na faida yake, ila hakuna aliyemwambia aitunze.

"Acha kubangua wiki tatu, paka mafuta ya mgando kila siku, halafu rudi. Itakubali tu, maza," alisema Dastani.

"Wiki tatu sina, mwanangu. Nina siku tatu."

Siku tatu zenyewe zilikuwa za posa. Jumamosi wajumbe wa bwana mmoja wa Nkowe, Hemedy, wangekuja kuchukua jibu. Hemedy alikuwa mtu mzima mwenye mikorosho mingi na pikipiki mbili za bodaboda, wala hakuwa na sifa mbaya. Alikuwa amemwona Amna, binti pekee wa Mwamini, katika likizo ya mwisho binti aliyokuja nyumbani, miaka miwili nyuma, akampenda, na sasa akaleta barua kwa heshima zote. Barua ilipokelewa na Jumanne, kaka yake Mwamini, kwa sababu kwao Wamwera mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, na baba yake Amna alishafariki miaka minane nyuma.

Jumanne hakufanya pupa. Alimpigia simu matroni wa chuo cha Morogoro ambako Amna anajifunza kushona, akamwomba amuulize binti. Matroni akamuuliza. Amna akatikisa kichwa kukubali. Matroni akamjulisha Jumanne, Jumanne akamshukuru Mungu, akaanza kunenepesha jogoo wawili wa kuwapokelea wajumbe.

Huko kutikisa kichwa ndiko kulikomkosesha Mwamini raha. Amna ni kiziwi tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa hajafikisha mwaka mmoja. Na Mwamini aliyemlea anajua jambo ambalo matroni mgeni hajalijua: Amna akiona mdomo wa mtu unacheza mbele yake na haelewi kitu, hutabasamu na kutikisa kichwa kukubali, ili mdomo ule utulie na mwenye nao aende zake kwa amani. Siku moja, akiwa mdogo, alipelekwa zahanati na shangazi yake. Mganga aliuliza kama anaumwa tumbo, akakubali. Kichwa je? Akakubali. Anakohoa? Anaharisha? Akakubali yote, akarudi nyumbani na mfuko wa dawa za magonjwa manne. Alikuwa amechomwa na mwiba mguuni.

Kwa hiyo Mwamini alitaka binti yake aulizwe na mtu anayejua kumuuliza. Simu ya kawaida ingesaidia nini? Meseji nazo zilikuwa shida, kwani Amna alianza shule ya viziwi akiwa na miaka kumi na miwili, akajua kuandika jina lake, namba na vipimo vya nguo, akaishia hapo, na Mwamini mwenyewe hakuwahi kupatana na herufi. Nauli ya kwenda Morogoro na kurudi hakuwa nayo. Ilibaki njia moja: simu ya kupangusa yenye intaneti, kama aliyokuwa nayo Amna chuoni, ili mikono ionane. Simu aliipata kwa shemeji yake wa Masasi aliyenunua mpya na kumwachia ya zamani, yenye ufa kwenye kioo. Kilichokosekana ni laini. Laini yake ya zamani ilisajiliwa kwa jina la marehemu mumewe, ikafungwa.

"Tafuta mtu akusajilie kwa kidole chake," Dastani alimshauri kwa sauti ya chini. "Kaka, dada, yeyote. Laini itakuwa yake kwa jina, wewe utakuwa mtumiaji tu, nami nitaandika hivyo."

Mwamini alicheka, kicheko cha mtu aliyekwishachoka. Wanawake wenzake wa kikundi walikuwa na vidole kama vyake. Wanaume aliowaomba kabla hajatoka kijijini walirudi nyuma kana kwamba kawaomba figo, kila mmoja akihofia matapeli wa mitandaoni na kesi za kutumiwa jina. Na Jumanne, kaka yake wa tumbo moja, alimtazama kwa mshangao, tena bila ubaya wowote. "Dada, utaongea nini na kiziwi kwenye simu?" alimuuliza.

Mwamini alianza kuifunga simu kwenye pindo la kanga. Machozi yalikuwa karibu, na alijichukia kwa hilo, kwa sababu mtu wa mwisho ambaye angependa amwone akilia alikuwa kwenye foleni ileile, nyuma yake kabisa, na ndoo ya maziwa miguuni.

Huyo alikuwa Limi. Yeye na mumewe Lubasha walifika Ruponda misimu mitatu iliyopita kutoka Usukumani, na ng'ombe wao, na watoto, na majembe ya kukokotwa. Msimu wa pili ng'ombe wakaingia kwenye ufuta wa Mwamini, wakala, wakakanyaga walichoshindwa kula, wakalala juu ya kilichobaki. Mwamini aliwapeleka kwenye baraza la kijiji, akasema maneno mengi, mengine hayakuhusu ufuta hata kidogo. Fidia ililipwa. Salamu hazikurudi.

"Mayu," Limi aliita. Ndivyo kwao wanavyomwita mama. "Wamekukatalia?"

Mwamini alitaka kujibu kwa mkato aondoke. Lakini siku tatu ni siku tatu. "Wamekataa. Vidole vyangu haviandiki."

"Unataka kuongea na nani?"

"Na mwanangu. Yuko Morogoro."

"Yule asiyesikia?"

"Huyohuyo. Nataka nimwone mikono yake. Jumamosi wanajibu posa yake, na mimi sijui kama anataka."

Limi aliisogeza ndoo kwa mguu, akapita foleni nzima bila kuomba radhi, akanyoosha mkono mbele ya Dastani. "Weka laini ya huyu mama kwa kidole changu."

"Kwa nini?" aliuliza Mwamini, na sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia. "Nilikusema vibaya barazani. Nilisema nyinyi si watu."

"Nilisikia. Nilikuwepo." Limi hakugeuka. "Mimi nilipoolewa nami walisema nimekubali. Wakala, mashine yako inafanya kazi au umeishika kwa kupendeza?"

Mashine ilikikubali mara moja, kwa taa ya kijani na mlio mwororo ambao haukuwahi kusikika asubuhi ile kwa upande wa Mwamini. Foleni ikapumua. Dastani aliichomeka laini, akaunganisha kifurushi, akaweka WhatsApp kwa kuazima intaneti ya simu yake mwenyewe, ikatumwa namba ya uthibitisho, akaijaza, akapiga picha ya Mwamini kuiweka pale juu. Kwenye picha Mwamini amekunja uso kama anayedai haki yake, na hakukubali apigwe nyingine. Akashukuru, akapanda bodaboda kurudi Ruponda. Njia nzima mkono mmoja ulikuwa kwenye simu.

Kijijini simu iligoma. Hakuna lililofunguka, kila alipobonyeza, kialama cha duara kilizunguka na kuzunguka. Alhamisi aliibeba kuanzia kisimani hadi ofisi ya kata, akiinyanyua juu, akiishusha, akiigeuza. Watu wakamwambia intaneti ya Ruponda inashika mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kilicho nyuma ya nyumba ya Jumanne, na ukipita jioni utawakuta vijana wamekaa pale kama kunguru. Ijumaa alikwenda, akapanda, akasimama. Duara likazunguka. Aliteremka akatembea moja kwa moja hadi kwenye boma la Limi, mwendo wa saa nzima, mahali ambapo aliapa hatakanyaga.

Limi aliitazama simu, akapangusa kioo toka juu kuja chini, akabonyeza mara moja. "Data ilikuwa haijawashwa," alisema. "Mimi nilikaa nayo hivyohivyo wiki mbili. Nikamtukana wakala, nikamtukana na mume wangu."

Mwamini alicheka, safari hii kwa moyo. Akamwomba Limi jambo la pili, la aibu zaidi kuliko la kwanza. Alikuwa amefikiri njiani: ili aongee na Amna anahitaji mikono miwili, sasa simu ataishika na nini?

"Kesho asubuhi nikishakamua," alisema Limi.

Jumamosi saa tatu walikuwa juu ya kichuguu. Wajumbe wa Nkowe walitarajiwa adhuhuri, na kutoka kwa Jumanne ilisikika harufu ya vitunguu. Limi aliishika simu mbele ya kifua chake kwa mikono yote miwili, na Mwamini akasimama hatua mbili mbele yake. Namba ilikuwa kwenye jalada la daftari, mwandiko wa Amna mwenyewe. Simu ikaita. Ikaita sana.

Halafu Amna akatokea, amefunga kitambaa cha kichwa, na cherehani nyuma yake. Amna aliziba mdomo. Kisha akaonyesha kwa vidole miaka miwili, akajipiga kifuani, akamnyooshea mama yake kidole, na Mwamini akaelewa neno lote: miaka miwili sijakuona mimi wewe. Alilia hapohapo juu ya kichuguu, waziwazi, bila kujali Limi wala vijana waliokuwa wakipita. Amna akawa anamwonyesha vitu haraka haraka, gauni alilomaliza, rafiki yake, dirisha, na mikono yake ilikuwa imejifunza maneno mengi ya chuoni ambayo mama yake hakuyajua. Mwamini akainua kiganja: polepole, mama yako ni yuleyule. Amna akacheka, akarudi kwenye ishara zao za nyumbani, zile walizozitunga wawili tangu akiwa anatambaa.

Ndipo Mwamini alipouliza. Alivuta kanga kichwani, yaani kuolewa. Akaonyesha pikipiki mbili na sharubu, yaani yule bwana wa Nkowe. Akaweka kiganja moyoni na kukigeuzia nje: unataka?

Amna alikunja uso. Nani? Mwamini akarudia. Amna akajinyooshea kidole: mimi? Na yule? Lini? Akasugua viganja vyake, kimoja juu ya kingine, na kuvikung'uta. La. Akavikung'uta tena. Akaonyesha cherehani, akaonyesha mwaka mmoja, akaonyesha karatasi ikigongwa muhuri.

"Kasemaje?" aliuliza Limi, ambaye alikuwa anaona mgongo wa simu tu.

"Hajui lolote. Hakuwahi kuulizwa. Anataka amalize chuo apate cheti."

"Nani hakuwahi kuulizwa?" Jumanne alikuwa ametokea nyuma ya nyumba, taulo begani, mkono mmoja una manyoya ya jogoo. "Mwamini, unafanya nini juu ya kichuguu changu siku ya leo?"

Alielezwa. Alisikiliza kwa uvumilivu wa mtu mwenye wageni njiani. "Dada yangu, hiyo mikono yenu mnaisoma mnavyotaka. Hata mimi naweza kupunga hewani nikasema nimesoma Kurani. Matroni alimuuliza kwa mdomo, binti akakubali. Nipisheni nimuulize mwenyewe, nisikie."

Alipanda, akausogeza uso hadi kioo kikamjaa, akapaza sauti iliyofika barabarani. "Amna! Umekubali kuolewa na Hemedy?"

Amna alimwona mjomba wake, akafurahi kweli. Akatabasamu, akatikisa kichwa kukubali.

"Haya!" alisema Jumanne. "Tumemaliza."

Mwamini alimzuia asiteremke. "Kaka, muulize tena. Muulize kama ng'ombe wa Limi wamekula jua."

"Unanifanyia mzaha?"

"Muulize tu. Kwa sauti hiyohiyo."

Jumanne aliguna. "Amna! Ng'ombe wa Limi wamekula jua?"

Amna akatikisa kichwa kukubali, kwa tabasamu lilelile.

Jumanne alibaki ameinama. Manyoya ya jogoo yalimdondoka mkononi. Alipouliza tena hakupaza sauti, na swali lilimtoka bila kulichagua. "Amna. Mimi mjomba wako nimekufa?"

Amna akakubali, kwa upendo mkubwa.

Hakuna aliyecheka. Limi aliangalia pembeni. Jumanne alikaa chini taratibu, juu ya udongo, na taulo lake.

"Siku ya msiba wa baba yake," alisema, "nilimweka pembeni, nikaongea naye muda mrefu. Nilimwambia asiogope, mimi ndiye baba yake sasa. Nilimwambia mambo ambayo sijawahi kumwambia hata mke wangu. Akawa ananikubalia, ananikubalia. Nikasema, huyu mtoto ana akili, amenielewa."

"Hakusikia, kaka."

"Miaka minane namjua kwa yale maongezi." Alifuta uso kwa taulo. Mwamini alimwonea huruma, na alishangaa kwamba hasira yote aliyokuja nayo ilikuwa haipo. Huyu mtu hakumwibia Amna neno lake. Alidhani analo.

"Anaulizwaje?" Jumanne aliuliza.

"Nini?"

"Hilo. La kuolewa. Nionyeshe linavyoulizwa."

Mwamini alimwonyesha. Jumanne hakuwa na kanga, akavuta taulo kichwani, na Amna kule Morogoro alipomwona mjomba wake na kitambi chake amejitanda kama bibi harusi, alicheka hadi akashika meza. Jumanne hakucheka. Akafanya pikipiki, kwa vidole vizito, akafanya sharubu. Akaweka kiganja moyoni, akakigeuza upande usio sahihi, Mwamini akamrekebisha, akarudia.

Kicheko kilimtoka Amna usoni kidogo kidogo. Alimtazama mjomba wake kwa makini, kisha mama yake, kisha mjomba tena, kama anayetaka kuwa na hakika kwamba ni yeye anayeulizwa. Halafu, polepole, ili mtu mgeni wa lugha asikose, alisugua viganja vyake na kuvikung'uta.

"Hiyo ni la?" aliuliza Jumanne.

"Hiyo ni la."

Jumanne alichukua simu yake ndogo kutoka mfukoni, akaitafuta namba ya mzee wa Nkowe aliyekuwa njiani na wenzake, akaiweka sikioni. Alisalimia vizuri, akaulizia safari, akaomba radhi kwa kuwasumbua barabarani, akasema wafike tu wale chakula, kimeshaiva, ila jibu la binti ni hapana.

Sauti ya upande wa pili ilisikika hadi kwa Limi. Mzee alikuwa anauliza imekuwaje, na wao waliambiwa wiki iliyopita kwamba binti aliulizwa akakubali.

"Hapana, mzee wangu," alisema Jumanne. "Wiki iliyopita hakuulizwa. Tumemuuliza leo."